Hati na Jasho: Shauri la Ardhi ya Wameru na Haki ya Mkaaji

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Methali hii hupendwa na wafanya biashara, nayo ina kweli yake, kwani mtu asiyeandika anachotoa na anachopokea hujikuta mikono mitupu. Lakini tukiitazama historia ya ardhi katika nchi yetu tunakuta jambo la kutufikirisha zaidi. Wako watu waliokuwa na mali, wakajitahidi kuipatia na daftari, na hata hivyo mali yao ikaondoka mchana kweupe, askari wakisimamia na sheria ikitajwa. Hao hawakupotelewa kwa uvivu wa kuandika. Walipotelewa kwa sababu daftari lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Katika makala haya tunakusudia kulieleza shauri la ardhi ya Wameru wa Tanganyika, lililofikia kilele chake katika miaka ya 1951 na 1952. Tumelichagua shauri hili si kwa sababu ndilo pekee, maana hakuna mkoa wa nchi yetu usiokuwa na kisa cha watu kuondolewa mahali walipozaliwa. Tumelichagua kwa sababu ndani yake yamo maswali yote makuu ya milki ya ardhi: Je, ardhi ni ya aliyeifyeka na kuilima, au ni ya aliyeandikiwa? Hati ya kukodi ya miaka mingi inaanzia wapi haki yake? Na je, mkaaji anaweza kuhamishwa bila kuulizwa, kwa hoja kwamba kuhamishwa huko ni kwa faida yake? Maswali haya hayakuzikwa pamoja na ukoloni, na ndiyo maana yafaa yasomwe na vijana wetu.

Mlima na watu wake

Mlima Meru umesimama magharibi ya Kilimanjaro, karibu na mji wa Arusha. Miteremko yake ya kusini na ya mashariki ina mvua ya kutosha na udongo mweusi wenye rutuba, na huko ndiko Wameru walikojenga maisha yao ya migomba, maharage na ng'ombe, na baadaye kahawa. Upande wa kaskazini-mashariki mlima unashuka katika nyanda kavu zinazoelekea Kilimanjaro. Hapo ndipo palipo na Ngarenanyuki, jina lililotokana na lugha ya Kimaasai, lenye maana ya maji mekundu. Maji ya huko yana magadi, na nyasi zake ni malisho mema kwa mifugo.

Kwa desturi ya Wameru, kama ilivyo kwa jirani zao Wachaga, shamba la nyumbani huitwa kihamba. Kihamba si kipande cha ardhi tu. Ni mahali palipofyekwa na babu, pakapandwa migomba, pakazikwa wazee, na kurithiwa na watoto. Mipaka yake ilijulikana kwa miti na mimea iliyopandwa, na ilijulikana zaidi kwa vinywa vya majirani na wazee wa koo. Palipotokea ugomvi wa mpaka, wazee waliketi, wakawasikiliza wote wawili, wakawaita wenye kukumbuka, kisha wakatoa hukumu. Kwa hiyo tukisema kwamba ardhi ya Wameru haikuwa na daftari, tutakuwa tumesema uongo. Daftari lilikuwapo, ila liliandikwa katika kumbukumbu za watu na katika ardhi yenyewe.

Pamoja na vihamba vya mlimani, jamii ilihitaji ardhi ya chini na ya pembeni kwa malisho na kwa vijana ambao wangehitaji kujenga kesho. Mgeni aliyeipita nyika hiyo aliiona kuwa pori lisilo na mwenyewe. Mwenyeji aliiona kuwa akiba. Tofauti hii ya macho mawili ndiyo chanzo cha mashauri mengi ya ardhi katika Afrika.

Hati za Wajerumani

Serikali ya Kijerumani ilitoa amri juu ya ardhi mwaka 1895. Amri hiyo ilitangaza kwamba ardhi yote ambayo mtu binafsi, mtawala wa kienyeji au jamii haikuweza kuthibitisha kuwa ni yake, ilikuwa mali ya dola. Neno zito katika amri hiyo ni kuthibitisha. Mzungu aliyenunua shamba alithibitisha kwa karatasi. Mwafrika aliambiwa athibitishe kwa njia ambayo hakuwahi kufundishwa, mbele ya mwamuzi ambaye hakumchagua.

Huko Meru amri hii ilikuja ikifuatana na bunduki. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa Meru, na Wajerumani wakajibu kwa mashambulizi makali, wakachoma makazi na kuteka mifugo. Mwaka 1900 Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine kadhaa, wakiwamo wa upande wa Arusha na Meru. Baada ya watu kuvunjwa nguvu namna hiyo, kugawa ardhi yao hakukuwa kazi ngumu. Tangu miaka ya 1904 na kuendelea, walowezi wa Kijerumani na Makaburu waliotoka Afrika Kusini walipewa mashamba kuuzunguka mlima. Wengi walipewa ardhi hiyo kwa umilikaji wa kudumu, yaani milki isiyo na mwisho, ambayo mtu huweza kuiuza au kuirithisha apendavyo.

Matokeo yake yalikuwa mzingo. Juu ya vihamba palikuwa na msitu wa serikali, na chini yake palikuwa na mashamba ya walowezi. Wameru wakabaki katikati kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia. Watu waliongezeka na mifugo ikaongezeka, lakini ardhi haikuongezeka. Hata njia za kupeleka ng'ombe kwenye malisho na maji ya magadi zilipita katika mashamba ya watu wengine.

Sheria ya 1923 na upungufu wake

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1923 serikali mpya ilitunga Sheria ya Ardhi. Sheria hiyo iliitangaza ardhi yote ya Tanganyika, iwe inakaliwa au haikaliwi, kuwa ardhi ya umma, iliyo chini ya Gavana kwa manufaa ya wenyeji wa nchi. Hati za umilikaji wa kudumu zilizotolewa zamani na Wajerumani ziliachwa zilivyo. Lakini tangu hapo, aliyetaka ardhi mpya hakupewa milki ya milele. Alipewa haki ya kukaa na kuitumia ardhi kwa muda uliowekwa, usiozidi miaka 99, kwa masharti na kwa kodi.

Tukiisoma sheria hiyo kwa haraka tutaisifu, kwani ilizuia nchi yetu isigawanywe yote kuwa mashamba ya milele kama ilivyotokea katika nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1928 ilirekebishwa ili haki ya mwenyeji anayeikalia ardhi kwa mila nayo itambuliwe kuwa haki ya kukaa. Hata hivyo upungufu wake ulikuwa mkubwa. Mlowezi alikuwa na cheti chenye ramani, tarehe, idadi ya miaka na muhuri. Mwenyeji alihesabiwa tu kuwa ana haki, bila karatasi, bila ramani, na bila ulinzi wowote dhidi ya Gavana ambaye ndiye aliyekuwa mtunza dhamana, mtoaji hati na mwamuzi kwa pamoja. Haki ya mmoja ilikuwa katika kabati la chuma. Haki ya mwingine ilikuwa katika hisani ya mtawala.

Hapa ndipo panapokuja jambo ambalo msomaji hana budi kulikumbuka. Wameru hawakukaa tu wakilalamika kwamba hawakuielewa sheria ya wageni. Kati ya mashamba yaliyotwaliwa na Wajerumani upande wa Ngarenanyuki na Leguruki yalikuwamo mawili yaliyojulikana katika vitabu vya serikali kwa nambari 31 na 328. Kwa maelezo ya Wameru wenyewe, ambayo waliyashikilia tangu mwanzo hadi mwisho wa shauri, watu walichangishana mali wakayanunua tena mashamba hayo baada ya Wajerumani kuondoka. Yaani waliinunua ardhi ya baba zao, kwa kufuata utaratibu ule ule wa mnunuzi na muuzaji ambao wageni waliuleta. Wakahamia huko, wakajenga nyumba, wakachunga na kulima. Hivyo walikuwa na haki mara mbili: haki ya jasho, na haki ya ununuzi.

Mpango wa kupanga watu kwa rangi

Mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza tatizo la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Msongamano wa watu mlimani ulikuwa umekwisha kuwa jambo lisilofichika. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1947. Ndani yake mlikuwa na mapendekezo ya kuwarudishia wenyeji baadhi ya mashamba yaliyokuwa karibu na makazi yao, na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini mlikuwa pia na pendekezo jingine. Nyanda kavu zilizo kati ya Meru na Kilimanjaro ziunganishwe kuwa eneo moja la wafugaji wa Kizungu, watakaofuga ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Ili eneo hilo liwe moja bila kukatwakatwa, Waafrika waliokuwa wakikaa Ngarenanyuki na Leguruki ilibidi waondoke, na wapewe ardhi nyingine upande wa Kingori.

Serikali haikusema kwamba inawanyang'anya watu. Ilisema inabadilishana nao. Ilidai kwamba kwa hesabu ya jumla Wameru wangefaidika, kwamba maji yangeletwa Kingori na pori lingesafishwa, na kwamba ufugaji wa kisasa ungeleta manufaa kwa nchi nzima. Haifai tuzipuuze hoja hizi, kwa maana ndizo hoja zinazotumiwa hadi leo kila panapokuwa na mpango mkubwa na watu wadogo. Ubaya wake haukuwa katika hesabu ya ekari. Ubaya wake ni kwamba hesabu hiyo ilifanywa na upande mmoja tu.

Wameru walijibu kwamba Kingori ni nchi ya joto na maradhi ya watu na mifugo, wala si sawa na Ngarenanyuki. Zaidi ya hayo walijibu kwamba ardhi si gunia la mahindi, mtu akachukuliwa moja akapewa jingine la uzani ule ule. Tena kulikuwa na jambo la rangi. Hao waliokuwa wakiondolewa walikuwa Waafrika, na hao ambao wangeingia walikuwa Wazungu, wengi wao wenye asili ya Afrika Kusini. Mashamba 13 ya walowezi yalikusudiwa kupimwa mahali pale. Kwa watu waliosikia habari za sheria za ubaguzi zilizokuwa zikitungwa Afrika Kusini tangu mwaka 1948, maana ya mpango huo haikuhitaji mkalimani.

Wakati huo huo Wameru walikuwa na mgogoro wa uongozi wao wenyewe. Wengi walimlaumu Mangi Sante kwamba alikuwa upande wa serikali na hakuwatetea. Hivyo shauri la ardhi lilifungamana na shauri la utawala: nani ana haki ya kusema kwa niaba ya watu, na je, sahihi ya mtawala aliyewekwa na mkoloni inaweza kuuza makazi ya raia wake? Jibu la watu lilikuwa kuunda umoja wao, wazee wa koo na vijana waliosoma wakakaa baraza moja. Huo ulikuwa ushirikiano wa mila na elimu mpya, na ndio uliolipa shauri hili nguvu yake.

Novemba 1951

Tanganyika tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiwa mdhamini. Mkataba wa udhamini ulikuwa na kifungu cha 8, kilichomtaka mdhamini, anapotunga sheria za ardhi, kuzifikiria sheria na mila za wenyeji, na kuheshimu haki zao na kuyalinda manufaa yao ya sasa na ya baadaye. Wameru walikijua kifungu hicho. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipoitembelea nchi mwaka 1951, waliuletea malalamiko yao. Watu hawa, ambao serikali iliwaona kuwa wakaidi, walikuwa wakifanya jambo la kisheria kabisa: walikuwa wakimshitaki mdhamini kwa yule aliyempa dhamana.

Serikali haikungoja malalamiko hayo yasikilizwe. Tarehe 17 Novemba 1951 askari polisi na maofisa waliingia Ngarenanyuki. Watu waliamriwa kutoka. Vyombo vilitolewa nje, nyumba zikabomolewa na kuchomwa moto, na mifugo ikaswagwa kuelekea Kingori. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa jumla. Wengi walikataa kwenda kule walikopangiwa, wakaenda kwa jamaa zao mlimani ambako nafasi ilikuwa haba tayari. Waliotolewa walikataa fidia waliyopewa. Walielewa kwamba anayepokea fedha hukiri kwamba ameuza, nao walikuwa hawajauza.

Jambo moja la fahari katika siku zile ni kwamba Wameru hawakushika silaha. Haikuwa kwa sababu ya woga, kwani historia yao ya miaka ya 1890 yatosha kutuonyesha kwamba walijua kupigana. Waliamua kwamba shauri hili litashindaniwa kwa maneno na kwa sheria. Uamuzi huo ulihitaji ushujaa wa namna nyingine, ushujaa wa kusimama kando na kuitazama nyumba yako ikiungua huku ukihesabu kila kitu kilichoharibika ili uje kukitaja mbele ya mwamuzi.

Safari ya New York

"Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota." Wameru walichanga fedha, senti kwa senti, na kumtuma Kirilo Japhet kwenda New York. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji katika Tanzania huru. Tufikirie kidogo uzito wa safari hiyo. Mkulima wa kahawa aliyetoa mchango wake hakuwahi kuiona bahari, lakini aliamini kwamba ng'ambo yake kuna baraza litakalomsikia.

Mwaka 1952 shauri lilifika mbele ya Baraza la Udhamini. Japhet akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama katika Umoja wa Mataifa na kuwasemea watu wake. Alieleza habari za ardhi, za ununuzi, za moto na za mifugo iliyokufa. Mjumbe wa Uingereza alieleza habari za mpango na maendeleo. Mwezi Julai Baraza lilieleza masikitiko yake kwamba watu walihamishwa bila ridhaa yao, likahimiza walipwe fidia na wasaidiwe, lakini halikuamuru warudishiwe ardhi. Mwishoni mwa mwaka huo shauri lilifika katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na huko wajumbe wengi waliunga mkono azimio la kuwataka Waingereza wawarudishe Wameru kwao. Lakini azimio hilo lilipoletwa mbele ya Baraza Kuu lenyewe mnamo Desemba 1952, halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajiwa.

Basi kwa hesabu ya kura, Wameru walishindwa. Hatuna haja ya kulificha hilo, kwa maana historia inayoficha kushindwa haifundishi kitu. Japhet alirudi bila ardhi mkononi, na mashamba 13 yakaendelea kugawiwa.

Alichokiokota mwendaji

Lakini alirudi na kitu kingine. Alizunguka akiwaeleza wananchi wa sehemu mbalimbali za Tanganyika yale aliyoyaona na kuyasikia. Watu wa Kanda ya Ziwa, wa Kilimanjaro na wa kwingineko walifahamu kwamba kilichowapata Wameru kingeweza kuwapata wao. Walifahamu pia kwamba serikali ya kikoloni, ambayo mbele ya raia ilijifanya kuwa haina mkubwa, ilikuwa na mahali inapoitwa ijieleze. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, hofu ya kunyang'anywa ardhi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wakulima wakisikilize. Na mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere alipokwenda New York kulihutubia Baraza la Udhamini, aliipita njia iliyokwisha kufyekwa na Wameru.

Wazo la ardhi nalo lilipevuka. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilileta mapendekezo ya kuwawezesha Waafrika nao kupata umilikaji wa kudumu. Wengi wangelidhani kwamba hiyo ndiyo dawa: kama tatizo ni kukosa hati, basi na tupewe hati ya milele. Mwalimu Nyerere alilipinga jambo hilo katika maandiko yake yaliyoitwa Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa ya kuuzwa, wachache wenye fedha wataimiliki, na walio wengi watageuka wapangaji katika nchi yao wenyewe. Kwa maneno mengine, mlowezi ataondoka mlangoni na kurudi kwa dirishani akiwa na ngozi nyingine.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 wazo hilo liliwekwa katika sheria. Mwaka 1963 umilikaji wa kudumu ulifutwa, na hati zake zote zikageuzwa kuwa za kukodi kutoka serikalini kwa muda wa miaka 99, kwa sharti la kuiendeleza ardhi. Mwaka 1969 sheria nyingine iligeuza hati hizo za kukodi kuwa haki za kukaa na kutumia ardhi. Huko Bukoba, ambako mfumo wa nyarubanja ulikuwa umewafanya wakulima wengi kuwa watwarwa, yaani wapangaji wa mabwana katika mashamba waliyoyalima kwa vizazi, sheria ya mwaka 1965 iliwapa wakulima hao ardhi waliyoikalia. Sheria ya mwaka 1968 ikaupeleka msingi huo katika sehemu nyingine zenye upangaji wa kimila. Msingi wa sheria hizi ni mmoja: haki ya ardhi inatokana na kuitumia.

Kioo chetu wenyewe

Ingekuwa vizuri kama tungeweza kuyafunga makala haya hapa, mkoloni akiwa mkosaji na sisi tukiwa wenye haki. Lakini kioo hakichagui uso. Kati ya mwaka 1973 na 1976, katika Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa kutoka makwao na kupelekwa katika vijiji vipya. Nia ilikuwa kuwaletea shule, zahanati na maji, na katika sehemu nyingi huduma hizo zilifika. Hata hivyo pako mahali ambapo nyumba zilibomolewa, na ambapo mashamba ya watu waligawiwa wengine bila haki za kimila za wenyewe kuondolewa kisheria. Hoja ilikuwa ile ile ya mwaka 1951: ni kwa faida yenu.

Katika miaka ya 1980 wengi walioondolewa walikwenda mahakamani kudai ardhi yao, hasa katika Mkoa wa Arusha, na baadhi walishinda. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta haki hizo za kimila na kuyakomesha mashauri yake. Ndipo Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilipoamua mwaka 1994 katika kesi ya Akonaay kwamba haki ya mwanakijiji ya kuikalia ardhi kwa mila ni mali halisi, inayolindwa na Katiba, na kwamba haiwezi kutwaliwa bila fidia ya haki. Mahakama ilikataa kwamba mwanakijiji ni mkaaji wa hisani tu. Miaka 43 baada ya moto wa Ngarenanyuki, neno ambalo Wameru walilinena lilisemwa na mahakama kuu kuliko zote nchini.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zilifuata njia hiyo. Ardhi yote imebaki kuwa mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Haki ya kimila imewekwa kuwa na hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati, na mwanakijiji anaweza kupata hati ya haki yake ya kimila. Hivyo daftari la wazee na daftari la serikali yamekaribishwa katika meza moja. Yaliyomo katika vitabu vya sheria ni mema. Yanayotendeka uwandani yanategemea kama mwananchi anaijua haki yake na kama kiongozi anaiogopa.

Mafunzo kwa vijana

Tunapata nini, basi, katika shauri hili? Kwanza, hati si adui wa haki. Wameru hawakuidharau karatasi. Walinunua, wakaandika malalamiko, wakakitaja kifungu cha mkataba. Lakini hati hupata haki yake kutokana na namna ilivyopatikana. Hati ya miaka 99 juu ya ardhi iliyochukuliwa kwa moto ni karatasi yenye muhuri, na muhuri hauwezi kuligeuza jambo baya kuwa jema.

Pili, ridhaa haina badala yake. Hata mpango ulio bora, ukiletwa kwa rungu, huharibika. Mtu akiulizwa akakataa, kukataa kwake ni habari ambayo mpangaji wa maendeleo anaihitaji. Pengine anajua jambo juu ya maji, juu ya upepo, au juu ya makaburi, ambalo halimo katika ramani.

Tatu, kushindwa leo si kushindwa milele. Wengi wa walowezi waliopewa mashamba yale hawakuyafaidi kwa muda mrefu, na baada ya uhuru Wameru walirudi. Leo Ngarenanyuki ni kata katika Wilaya ya Meru, na wakulima wake hujulikana kwa nyanya zinazouzwa katika masoko mengi ya nchi. Watoto wanaosoma huko ni wajukuu wa watu walioambiwa kwamba ardhi ile haiwafai.

Kwa walimu tungependa kutoa shauri moja. Shauri la Wameru lisifundishwe kama tarehe ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Wanafunzi watumwe kwa wazee wa mahali pao kuuliza: nani alilifyeka eneo hili kwanza? Mipaka yake ilijulikanaje? Je, kuna waliohamishwa, nani aliwahamisha, na waliulizwa? Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa shuleni. Tutakapokuwa tumefanya hivyo katika kila kijiji, tutakuwa tumeitii methali tuliyoanza nayo kwa namna iliyo njema zaidi. Mali yetu itakuwa na daftari, na daftari hilo litakuwa mikononi mwetu.